Pampu ya mafuta isihukumiwe kabla ya kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ugonjwa unaowatesa wenye magari ya zamani ya petroli, na unaotibiwa vibaya kila siku. Injini inamisi, yaani silinda inaruka mapigo, inakosa nguvu mlimani, na kabla hata boneti haijafunguliwa vizuri hukumu imeshatoka: pampu ya mafuta imechoka. Pampu inashushwa, mpya inafungwa, gari linaendelea kumisi vile vile. Zinafuata plagi, kisha koili, kisha nozeli za kunyunyizia petroli, kisha sensa, mpaka siku itakapoguswa yenye kasoro kwa kubahatisha. Inauma kwa sababu ubishi wote huo unamalizwa na vifaa viwili vinavyoingia kwenye mfuko mmoja: geji ya presha ya mafuta na multimita ya kawaida.

Tuanze na kumisi kwenyewe. Ili silinda ipige inataka mambo matatu kwa wakati wake: mchanganyiko wa hewa na petroli ulio sawa, cheche yenye nguvu, na mgandamizo wa kutosha. Presha ndogo ya mafuta inaharibu hilo la kwanza tu, tena inaliharibu kwa silinda zote pamoja, maana zote zinanywa kwenye reli moja, lile bomba linalogawa petroli kwa nozeli. Kwa hiyo injini inayomisi silinda moja, ile ile, kwa mdundo usiobadilika, mara nyingi sana haina shida ya presha. Tafuta plagi, waya, koili, nozeli au vali ya silinda hiyo. Injini inayomisi ovyo, leo silinda hii kesho ile, inayosita unapokanyaga mafuta na kukohoa kupitia njia ya hewa, hiyo ndiyo ya kufungiwa geji.

Kuijua silinda iliyolala si kazi kubwa. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, ule tunaouita sailensi, chomoa soketi ya umeme ya nozeli moja moja na usikilize. Silinda nzima ukiichomoa, injini inashuka na kutikisika. Ukichomoa na isibadilike chochote, umeipata. Narudia, chomoa soketi ya nozeli, usichomoe waya wa plagi kama una njia nyingine. Ukichomoa waya wa plagi, umeme wenye maelfu ya volti unatafuta pa kutokea na unaweza kuunguza koili au moduli ya ignishen, na petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega ya ekzosti, yaani katalisti inayosafisha moshi. Ndiyo maana taa ya injini inapomweka badala ya kuwaka tu, dereva anatakiwa apunguze mwendo palepale: silinda zinamisi kiasi cha kuharibu masega.

Baada ya hapo fungua plagi zote na uzipange kwa mfuatano wake juu ya kitambaa. Hakuna kompyuta inayozungumza wazi kama plagi nne zilizolala upande kwa upande. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Zote nyeupe, kauri imekauka kama chokaa, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na hapo presha ndogo ni mshukiwa halali. Moja imelowa petroli na nyingine ni kavu: nozeli inamwaga, ila cheche haipo. Moja ni kavu na safi kupita kiasi wakati wenzake wana rangi: nozeli yake haimwagi. Nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi, nyeusi yenye utelezi ni oili inayopita kwenye ringi au sili za vali. Geuza kauri ya nje pia. Ukiona mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, kutoka kwenye chuma hadi juu, hiyo ndiyo njia ambayo cheche inapitia nje ya plagi. Plagi hiyo haisafishwi, inatupwa, na kofia ya waya wake pia inakaguliwa kwa ndani.

Kabla ya kufungua bomba lolote la mafuta, toa presha. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu (swichi ya umeme inayoiwasha) injini ikiwa inanguruma, iache izime yenyewe, kisha piga stata sekunde 3 hivi. Injini iwe imepoa, kitambaa kizungushwe kwenye nati unapoilegeza, macho yavae miwani, na kizima moto cha unga kiwe mkononi, si kwenye buti. Taa ya balbu ya kuning'inia isikaribie. Tone moja la petroli juu ya balbu ya moto linatosha kuchoma gari na aliye chini yake.

Sasa geji. Fungua kitabu cha gari lenyewe, maana hakuna namba moja kwa magari yote, na hapa wengi wanapotea. Gari la kabureta lenye pampu ya kusukumwa na kamu linataka baa (kipimo cha presha) 0.2 hadi 0.5 tu. Yale yenye nozeli moja au mbili juu ya throto, mlango wa hewa wa injini, mara nyingi yanafanya kazi kwenye baa 0.7 hadi 1. Yenye nozeli moja kwa kila silinda, ambayo ndiyo mengi, yako kati ya baa 2.5 na 3.5. Mfumo wa zamani wa K-Jetronic wa Bosch, ambao nozeli zake zinanyunyiza mfululizo, unakaribia baa 5. Injini za Vortec za V6 na V8 kwenye pikapu za Chevrolet na GMC za kuanzia 1996 zinataka kama psi 60 hadi 66, yaani zaidi ya baa 4, na zikipata 50 zinaweza kugoma kuwaka kabisa ingawa psi 50 ingetosha magari mengine mengi. Baa 1 ni psi 14.5. Anayesema presha ni nzuri bila kutaja namba ya kitabu hajasema kitu.

Fungulia swichi bila kuwasha. Pampu inanguruma kama sekunde 2 kisha inanyamaza, sindano inapanda na kukaa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 unaweza kuifanya pampu iendelee kufanya kazi kwa kuunganisha tundu la +B na la Fp kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti. Kisha washa injini. Kama regyuleta, kidhibiti cha presha, iko kwenye reli na ina mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), presha ya sailensi itakuwa chini ya ile ya swichi kwa karibu nusu baa. Chomoa mpira huo, sindano inapanda kwa hiyo nusu baa. Isipopanda, regyuleta imekwama au mpira hauvuti. Nusa mpira huo. Ukikuta petroli ndani yake, kiwambo cha regyuleta kimepasuka na injini inanyonya mafuta mabichi kupitia hapo, na hicho peke yake kinaweza kuleta misi na moshi mweusi. Magari yenye regyuleta ndani ya tangi hayana mpira huo, presha yao haipandi wala kushuka.

Presha ikiwa chini, usikimbilie pampu. Bana kwa sekunde chache bomba la mpira linalorudisha mafuta kwenye tangi. La mpira tu. La nailoni litapasuka. Sindano ikiruka juu haraka hadi baa 5 au zaidi, pampu ina nguvu, ni regyuleta inayopitisha mafuta kabla ya wakati. Sindano isipopanda, au ikipanda kwa kujivuta, tatizo liko nyuma: filta, bomba, pampu, au umeme wa pampu.

Kuna jambo linawadanganya hata mafundi wazuri. Injini ya lita 2 kwenye sailensi inakunywa petroli kiasi cha lita 1 kwa saa. Ikipanda mlima kwa nguvu zote inaweza kufika lita 30 au zaidi kwa saa. Filta iliyoziba nusu inapitisha lita 1 bila taabu, geji inaonyesha baa 3 safi, na fundi anaapa kwamba mafuta yako sawa. Gari likianza kupanda, sindano inaporomoka hadi baa 1.5 na injini inakohoa. Kwa hiyo geji inatakiwa isafiri. Tumia geji yenye mpira mrefu, ipitishe nje chini ya ukingo wa boneti, uibandike kwa nje ya kioo cha mbele, mpira ukae mbali na ekzosti na feni, na mtu wa pili aisome wakati dereva anakanyaga kwenye gia ya tatu. Geji isiingizwe ndani ya gari hata kwa dakika moja. Presha ikishuka injini inapoanza kumisi, kesi ya mafuta imethibitika. Ikibaki palepale huku injini inamisi, achana kabisa na pampu na urudi kwenye cheche.

Kipimo cha pili cha ujazo ni chepesi: elekeza bomba la kurudishia mafuta kwenye chombo cha chuma, pampu ifanye kazi sekunde 30, upime. Magari mengi ya nozeli yanatakiwa yatoe angalau nusu lita kwa muda huo. Robo lita ni ugonjwa, hata kama presha inaonekana nzuri.

Umeme wa pampu ndio sehemu inayopuuzwa kuliko zote, na kwenye gari la miaka 25 au 30 ndiyo yenye makosa mengi. Pampu ni mota. Ikipata volti 10.5 badala ya 13.5 inazunguka polepole, presha na ujazo vinashuka, na pampu mpya itafanya vile vile. Pima ikiwa inafanya kazi, si soketi ikiwa imechomolewa, kwa sababu waya wenye uzi mmoja uliobaki utaonyesha volti 12 kamili usipobebeshwa mzigo. Weka mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye chanya ya pampu: zisipotee zaidi ya volti 0.5 njiani. Kisha hasi ya pampu na hasi ya betri: zisizidi 0.2. Zikizidi, fuata njia hatua kwa hatua, soketi ya juu ya tangi, rilei, fyuzi, swichi ya ufunguo. Chomoa soketi ile ya juu ya tangi uitazame kwa tochi. Plastiki nyeupe iliyogeuka kahawia kuzunguka pini moja, pini yenyewe imepoteza mng'ao na imelegea, hapo ndipo joto lilipokuwa linakula volti zako. Ethi nayo, yaani njia ya hasi kwenye bodi ya gari, mara nyingi ni bolti moja yenye kutu chini ya kiti au pembeni mwa buti. Inasuguliwa kwa msasa, inapakwa grisi, inakazwa, na gari lililohukumiwa kununua pampu linapanda mlima.

Ukitaka uthibitisho, toa rilei na upeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye tundu lake la kwenda pampu, kwa waya wenye fyuzi ya ampea 15. Ufanyie hapo kwenye rilei, mbali na tangi na mvuke wa petroli. Presha ikipanda, kosa liko kwenye rilei au nyaya zinazoileta umeme.

Kuna pia presha inayokimbia. Zima injini uiache geji imefungwa. Ikishuka nusu baa ndani ya dakika 10, magari mengi huvumilia. Ikishuka hadi sifuri ndani ya dakika moja, utapata ile tabia ya kupiga stata muda mrefu asubuhi na kumisi sekunde chache za mwanzo. Rudisha presha, bana bomba la kupeleka mafuta: ikikaa, vali ya pampu ya kuzuia mafuta yasirudi ndiyo inayovuja. Bana la kurudisha: ikikaa, ni regyuleta. Zote mbili zimebanwa na bado inashuka, nozeli inadondosha, na plagi ya silinda hiyo itakuwa nyeusi na yenye harufu ya petroli.

Usisahau mfuniko wa tangi. Tundu lake la kupumulia likiziba, tangi linajivuta lenyewe, pampu inashindwa, gari linazima baada ya mwendo wa nusu saa kisha linawaka likipumzishwa. Legeza mfuniko, ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likachangamka, umepata jibu bila kutoboa mfuko.

Neno kuhusu kodi za kompyuta, yaani namba za makosa inazotunza. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 1996, na ya petroli ya Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, yana soketi ya kusomea makosa ya aina moja. P0300 ni misi ya ovyo, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi. Hii ya mwisho isikubaliwe kwa macho yaliyofumbwa. Silinda isiyo na cheche inatoa nje hewa yake yote bila kuungua, sensa ya oksijeni inaiona hewa hiyo na kulalamika kwamba mafuta ni machache, wakati mafuta yalikuwepo tele. Kompyuta inaongeza petroli, zile silinda nzima zinazidiwa, na mtu akisoma kodi peke yake anakwenda kununua pampu kwa ajili ya waya wa plagi uliokatika.

Hewa ya kuiba, inayoingia kwa tundu au ufa kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), nayo inafanana na presha ndogo, ila zinaachana kwenye mzunguko. Hewa ya kuiba inasumbua zaidi kwenye sailensi na kupungua ukipandisha hadi mizunguko 2,500, kwa sababu tundu dogo ni kitu kikubwa pale injini inapovuta hewa kidogo. Presha ndogo ni kinyume chake: sailensi tulivu, mateso yanakuja na mzigo. Ukiwa na mashine inayoonyesha kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi, linganisha hali hizo mbili na utaona tofauti ndani ya dakika 2.

Upande wa cheche nitakuwa mfupi. Pengo la plagi ni kama milimita 0.7 hadi 0.8 kwa magari ya pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta) na mara nyingi 1.0 hadi 1.1 kwa ya kielektroniki. Pengo likipanuka kwa kuliwa, koili inahitaji volti nyingi zaidi na misi inatokea unapokanyaga, jambo linalofanana sana na ukosefu wa mafuta. Pointi zenyewe ni 0.4 hadi 0.5. Nyaya za plagi zipimwe omu na kulinganishwa: tatu zikiwa na omu 8,000 na mmoja 40,000, huo mmoja ndio mgonjwa. Usiku, nyunyizia maji kama ukungu juu ya nyaya injini ikiwaka, uangalie vicheche vya buluu vinavyoruka. Fungua kofia ya distribyuta uangalie nyufa nyembamba na kijiti cha kaboni katikati. Kwenye gari lenye koili juu ya kila plagi, hamisha koili ya silinda ya 2 iende ya 4. Misi ikihamia ya 4, koili imejisema.

Na kama silinda moja ina cheche na mafuta lakini bado imelala, pima mgandamizo: plagi zote nje, umeme wa koili na wa nozeli umekatwa, throto wazi, stata mapigo 5 au 6. Injini nyingi nzima hutoa baa 9 hadi 13, silinda zisipishane zaidi ya baa 1 hivi. Silinda iliyo chini itiwe kijiko cha chai cha oili na ipimwe tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni vali au gasketi ya silinda hedi, na hapo hakuna pampu duniani itakayosaidia.

Kwa wenye kabureta, chomoa stiki ya oili uinuse kabla ya yote. Harufu kali ya petroli inaweza kuwa kiwambo cha pampu ya kamu kimepasuka na mafuta yanashukia kwenye oili, na injini hiyo isiwashwe tena mpaka oili ibadilishwe. Tena, wanaofunga pampu ya umeme ya gari la nozeli kwenye kabureta wanafanya hatari: sindano ya chemba ya kabureta haiwezi kuzuia baa 3, petroli itafurika juu ya injini ya moto.

Ikiwa baada ya vipimo vyote pampu ndiyo yenye makosa kweli, tangi litazamwe kabla mpya haijafungwa. Ingiza tochi isiyotoa cheche uangalie sakafu yake. Kutu nyekundu kama unga wa tofali itaziba kichujio cha mdomoni mwa pampu mpya ndani ya wiki chache, na kichujio hicho kidogo ndicho kinachosahaulika kubadilishwa. Tangi lioshwe, kichujio kiwe kipya, filta ya njiani iwe mpya, gasketi ya mfuniko wa pampu isirudishwe ya zamani. Gari lisiendeshwe muda wote taa ya onyo la petroli kidogo ikiwa inawaka, kwa kuwa petroli iliyo ndani ya tangi ndiyo inayoipoza mota ya pampu. Kisha geji ifungwe tena, sailensi na mlimani, na namba ziandikwe kwenye karatasi ya kazi pamoja na volti zilizopimwa kwenye pampu, ili siku gari likimisi tena atakayelifungua awe na pa kuanzia.

Wasalaam,
Msomaji wako, fundi wa injini za petroli